Waziri alijibu swali la mbunge wetu, barabara haijajengwa: jibu lake lina nguvu gani?

"Habari za kazi. Ninaishi pembezoni mwa Dar es Salaam. Mtaani kwetu masika yakianza bodaboda hawafiki, na gari la wagonjwa haliwezi kuvuka kivuko chetu. Miaka miwili iliyopita mbunge wetu aliuliza bungeni ni lini Serikali itatujengea barabara na daraja. Naibu Waziri akajibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo na itajengwa kwa kadiri fedha zitakavyopatikana. Tulishangilia, na kipande cha video kilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp mtaa mzima. Mpaka leo hakuna hata greda lililopita. Sasa mbunge anasema safari hii ataomba jibu la maandishi. Wenzangu wanadai jibu la maandishi ni njia ya kulizima swali kimyakimya, maana halisomwi mbele ya kamera. Naomba kuelimishwa: jibu la Waziri lina nguvu gani? Tunaweza kumshitaki asipotekeleza? Sisi wananchi tunaweza kuandika swali letu wenyewe na kulipeleka Dodoma? Na kuna mzee wetu hapa anasema tukizidi kuuliza tutaonekana wapinzani."

Ndugu yangu, pole kwa masika hayo, na pole zaidi kwa mgonjwa yeyote aliyewahi kuvushwa kivuko hicho kwa kubebwa. Umeuliza mambo kadhaa na nitayajibu yote, lakini naona moyo wa barua yako uko mahali pamoja: mnaamini mliahidiwa na ahadi haikutimizwa. Nianzie hapo. Kwa maneno uliyoninukulia, hamkuahidiwa kitu. Kutambua umuhimu wa barabara si kuahidi kuijenga, na fedha "zitakavyopatikana" hazina tarehe. Jibu hilo halitaji kiasi, halitaji mwaka wa fedha, wala halitaji hatua yoyote ambayo mtu angeweza kwenda kuikagua. Naibu Waziri hakuwadanganya. Aliulizwa "ni lini", akajibu kama ambavyo swali la "ni lini" humruhusu mtu kujibu. Fungueni Taarifa Rasmi za Bunge, zile tunazoziita Hansard, mtaona "Je, ni lini Serikali itajenga" kurasa kwa kurasa, na chini yake majibu yanayofanana na lenu. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu aliyejibu, tuliangalie swali lenyewe. Hapo ndipo penye kazi mnayoiweza ninyi.

Kwanza nguvu ya kisheria. Haki ya kuuliza imo ndani ya Katiba. Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na katika orodha ya njia za kufanya hivyo, ya kwanza kabisa kutajwa ni kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Inatangulia hata bajeti na kutunga sheria. Ibara ya 53 nayo inasema mawaziri, chini ya uongozi wa Waziri Mkuu, wanawajibika kwa pamoja bungeni kuhusu utekelezaji wa shughuli za Serikali. Kwa sababu hiyo msihangaike kwamba aliyesimama kuwajibu alikuwa Naibu Waziri. Alisema kwa niaba ya Waziri wake, na Waziri wake ni Serikali. Jibu la naibu lina uzito uleule.

Uzito wenyewe sasa. Waziri ana wajibu wa kujibu, na ana wajibu wa kusema kweli. Kanuni za Kudumu za Bunge haziruhusu mbunge, awe waziri au asiwe, kusema uongo bungeni. Lakini jibu si mkataba wala si amri ya mahakama. Mkienda kufungua kesi kwa msingi wa maneno ya bungeni peke yake, mtagonga ukuta wa Ibara ya 100, inayosema uhuru wa majadiliano ndani ya Bunge hauhojiwi mahakamani wala mahali pengine nje ya Bunge. Sikushauri kutumia hata nauli ya daladala kumtafuta wakili kwa ajili ya jibu hilo. Mlichonacho ni kumbukumbu rasmi: maneno ya Serikali, yenye tarehe, yaliyochapishwa, ambayo hakuna ofisa anayeweza kusema hayakusemwa. Kumbukumbu hiyo inakuwa na thamani kubwa au ndogo kulingana na kilichoandikwa ndani yake, na mnavyoitumia baadaye.

Watu wengi hudhani waziri hufikiri jibu akiwa amesimama pale. Kwa swali la msingi sivyo. Mbunge huandika swali na kulipeleka kwa Katibu wa Bunge. Ofisi hiyo hulipitia kuona kama linakidhi Kanuni: liwe swali kweli na si hotuba, lisibebe mabishano ndani yake, lisiguse jambo lililoko mahakamani. Likipita, linakwenda kwenye wizara husika. Kama barabara yenu ni ya mtaa, wizara hiyo ni ile inayoshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, yaani TAMISEMI, kwa sababu tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini zinasimamiwa na TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyo chini yake. TAMISEMI haina kumbukumbu ya kila kivuko cha Dar es Salaam mezani Dodoma. Swali linashuka hadi kwa wataalamu wanaoijua barabara hiyo. Mhandisi anaangalia alichonacho: je, barabara imo kwenye mpango? Imefanyiwa usanifu? Ina fungu? Anaandika taarifa, taarifa inapanda tena ngazi kwa ngazi, inanyooshwa lugha, na mwisho Naibu Waziri anaisoma: "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali kama ifuatavyo."

Nimeeleza njia hii kwa kirefu kwa makusudi. Taarifa iliyozaa jibu lenu huenda iliandikwa na mtu ambaye ofisi yake iko ndani ya wilaya yenu, mwendo wa daladala moja au mbili kutoka mnapoishi. Kama hakuwa na fungu la fedha, asingeweza kuandika tarehe hata kama angetaka. Waziri naye hawezi kubuni fungu akiwa amesimama. Kwa hiyo "fedha zitakavyopatikana", kwa lugha ya wanaoandika majibu haya, mara nyingi maana yake ni kwamba barabara yenu haimo kwenye bajeti ya mwaka ule. Hiyo ni habari, tena habari nzito, ingawa mliipokea kwa shangwe.

Naomba nikae kidogo kwenye usomaji wa majibu, kwa maana hapa ndipo wananchi wanapopoteza miaka. Mradi wa barabara au daraja una hatua zake, na kila hatua ina maneno yake. Mwanzo kabisa Serikali "inatambua". Baadaye barabara "imeingizwa kwenye mpango". Kisha unafanyika upembuzi yakinifu na usanifu wa kina, ambapo wahandisi wanapima, wanachora na kukadiria gharama. Halafu fedha "zinatengwa" kwenye bajeti. Baada ya hapo zabuni inatangazwa, mkataba unasainiwa, mkandarasi anakabidhiwa eneo la kazi, na hapo ndipo greda linaonekana. Kati ya hatua moja na inayofuata inaweza kupita miezi, au miaka. Kila Mtanzania aliyewahi kupeleka kitambaa kwa fundi kabla ya Idi anajua tofauti ya "nguo yako naishughulikia" na "nimeshakata, njoo upime". Someni jibu la Waziri kwa jicho hilohilo: limewaweka kwenye hatua ipi?

Hatua inayowadanganya watu zaidi ni ile ya fedha kutengwa. Bunge likishapitisha bajeti mwezi Juni, watu husema fedha zipo. Hapana. Bajeti ni ruhusa ya kutumia na makadirio ya kitakachokusanywa. Fedha zenyewe hutolewa kidogokidogo ndani ya mwaka wa fedha, kuanzia tarehe 1 Julai hadi tarehe 30 Juni, kadiri Hazina inavyokusanya na kadiri mengine ya dharura yanavyojitokeza. Barabara inaweza kutengewa fedha zote kwenye kitabu cha bajeti na ikaumaliza mwaka bila kupata shilingi. Kwa hiyo mkisikia "Serikali imetenga", swali linalofuata ni hili: kiasi gani kimetolewa, na lini? Nasikitika kila ninapoona mbunge ameshika jibu lenye neno "imetenga" mkononi, anashukuru, kisha anatumia nafasi yake ya kuuliza tena kwa barabara nyingine kabisa.

Hapo nimegusa maswali ya nyongeza, nami nayatumia kuingia kwenye hofu ya wenzako kuhusu jibu la maandishi. Kanuni zinamruhusu mbunge kuomba swali lake lijibiwe kwa mdomo au kwa maandishi. La mdomo hujibiwa asubuhi, kikao kinapoanza saa 3, na sifa yake kubwa ni kwamba mwuliza swali akishajibiwa anapata nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na wabunge wengine nao wanaweza kupewa nafasi. Waziri hajui nyongeza itakuwaje. Anajibu papo hapo, mbele ya watu, na maneno yake yanaingia Hansard. Hiyo ni nguvu kubwa, na wenzako hawajakosea kuithamini.

Wanakosea wanaposema maandishi ni kuzimiwa swali. Jibu la mdomo huwa fupi kwa lazima, kwa kuwa maswali ni mengi na muda ni mchache. Haliwezi kubeba jedwali. La maandishi linaweza kubeba orodha ya barabara zote za kata yenu, urefu wa kila moja, hatua iliyofikiwa, kiasi kilichotengwa kwa kila mwaka na kiasi kilichotolewa. Mabunge yenye mazoea makubwa ya kuhoji hutegemea sana maandishi. Nchini India, baraza la chini la Bunge, Lok Sabha, hupanga kwa siku maswali 20 ya kujibiwa kwa mdomo, na 230 ya kujibiwa kwa maandishi. Nchini Uingereza watu wa nje huona kelele za maswali ya Waziri Mkuu kila Jumatano, lakini takwimu nyingi ambazo magazeti huzitumia kuibana serikali hutoka kwenye majibu ya maandishi ambayo hayakusomwa na mtu mbele ya kamera. Ukimya wa maandishi haumlindi waziri. Tarakimu iliyoandikwa na kusainiwa ni ngumu kuikana kuliko sentensi iliyosemwa kwa haraka.

Udhaifu upo pia, na lazima niuseme. Jibu la maandishi halina nyongeza. Likija na upungufu, mbunge anaanza upya. Linaweza kuchelewa bila mtu wa nje kugundua. Na kuna desturi ya waziri kumwambia mbunge "nitampatia majibu kwa maandishi", kisha karatasi inamfikia mbunge peke yake na kubaki kwenye faili lake. Jambo la kumwomba mbunge wenu tangu sasa, kabla swali halijaenda, ni kwamba jibu likifika mpatiwe nakala yake, libandikwe hata kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Mbunge mwenye nia njema hatakataa.

Kwa hali yenu mimi ningekwenda kwa mfuatano. Swali la maandishi litangulie, ili mpate tarakimu. Mkishazipata na kuzipima kwa mnachokiona ardhini, ndipo mbunge aombe swali la mdomo, akiwa na nyongeza mbili zilizojengwa juu ya tarakimu hizo. Mbunge anayesimama na kusema "kwenye jibu lako la tarehe fulani ulisema kiasi hiki kimetolewa, na kivukoni hakuna kilichofanyika, fedha zimekwenda wapi?" hawezi kujibiwa kwa "Serikali inatambua umuhimu". Mpango wa mbunge wenu, kwa hiyo, si mbaya hata kidogo. Kitakachoamua ni maneno ya swali.

Maneno yawe hivi, au yanayokaribiana na haya: "Je, barabara ya kutoka mahali fulani hadi mahali fulani, yenye kivuko cha mto fulani, imefikia hatua gani kati ya usanifu, zabuni na mkataba, ni kiasi gani cha fedha kilitengwa na kiasi gani kilitolewa kwa ajili yake katika kila mwaka kati ya miaka mitatu ya fedha iliyopita, na ni kiasi gani kimetengwa kwa mwaka huu?" Angalieni kilichotokea hapo. Hakuna "lini". Hakuna malalamiko, hakuna "wananchi wanateseka sana" hata kama ni kweli, kwa sababu maneno hayo humpa mwandishi wa jibu nafasi ya kujibu huruma kwa huruma. Kila kipande kinataka tarakimu au jina la hatua. Kama hakuna kilichotengwa, jibu litalazimika kusema hivyo, nanyi mtajua kwamba vita yenu iko kwenye kupanga bajeti. Kama kimetengwa na hakikutolewa, vita iko Hazina. Kama kimetolewa na hakuna kazi, hapo lipo jambo la ukaguzi. Swali moja linawaonyesha mlango upi wa kugonga kati ya mitatu.

Hakikisheni pia swali linakwenda kwa mwenye nalo. Dar es Salaam jambo hili huwachanganya watu kila siku. Morogoro, Nyerere, Mandela, Kilwa na Bagamoyo ni barabara za TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, chini ya wizara inayoshughulikia ujenzi. Za mitaani ni za TARURA. Maji ni DAWASA, chini ya Wizara ya Maji. Na kama tatizo lenu kubwa ni mto kula kingo na kusogelea nyumba, jambo hilo lina wenyewe zaidi ya mmoja: manispaa, Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na wasimamizi wa mazingira, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Daraja linaweza kuwa la TARURA na kingo zikawa za mwingine. Swali lililochanganya vyote hujibiwa nusu.

Umeuliza kama wananchi wanaweza kuandika swali lao. Kulipeleka Bungeni moja kwa moja, hapana. Aulizaye ni mbunge. Kuliandika, ndiyo, na ninawasihi mfanye hivyo. Wabunge wengi hupokea kero nyingi za mdomo kuliko wanavyoweza kuzigeuza kuwa maswali, kwa hiyo anayekuja na swali lililokwisha kuandikwa vizuri, ukurasa mmoja, na viambatisho, amemwondolea mzigo. Wekeni jina la barabara kama linavyoandikwa na TARURA, kata, makadirio ya urefu, picha mbili tatu za masika na kiangazi, na nakala ya jibu la miaka miwili iliyopita kutoka Hansard, ikiwa na namba ya swali, mkutano, kikao na tarehe. Namba ya swali peke yake haitoshi. Hansard hupatikana kwenye tovuti ya Bunge, na ni ya bure. Barua ipitie ofisi ya mbunge jimboni. Safari ya Dodoma haihitajiki, ijapokuwa treni imeifanya iwe nyepesi kuliko zamani. Na kama mbunge wa jimbo hana nafasi, mjue kwamba haki ya kuuliza ni ya kila mbunge. Wa viti maalumu anaweza kuuliza kuhusu mtaa wenu. Wa jimbo la jirani, ambaye wapiga kura wake hupita kivuko hichohicho, anaweza pia.

Kuna wanaowaambia watu wangoje Alhamisi, Waziri Mkuu aulizwe papo kwa papo. Sishauri. Kipindi kile ni cha sera za Serikali, na kivuko cha mtaa mmoja hakina nafasi pale isipokuwa kiwe mfano wa jambo la nchi nzima. Nafasi iliyo bora zaidi ni mkutano wa bajeti, unaoanza Aprili. Fungu la wizara linapopitishwa kwenye Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika na maelezo anaweza "kushika shilingi" ya mshahara wa waziri, yaani kuzuia kwa mfano shilingi moja mpaka apate ufafanuzi. Mara nyingi huishia kwa shilingi kurudishwa, lakini maelezo yanayotolewa kabla ya kurudishwa huwa ya wazi kuliko ya asubuhi.

Na pale inapoonekana fedha zimetoka na kazi haipo, swali peke yake halitoshi. Panahitajika ukaguzi na kamati. Nchi nzima iliona hivyo mwaka 2014 kwenye suala la akaunti ya Tegeta Escrow, iliyotunza fedha zilizobishaniwa kati ya TANESCO na kampuni ya umeme ya IPTL. David Kafulila, aliyekuwa mbunge wakati huo, alilisema bungeni, lakini kilicholifikisha kwenye maazimio ya Bunge mwezi Novemba mwaka huo ni ukaguzi wa CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na uchambuzi wa Kamati ya Hesabu za Serikali iliyoongozwa na Zitto Kabwe. Kivuko chenu hakilingani na hilo kwa ukubwa, ila njia ni ileile: kwa fedha za halmashauri ipo Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, na ripoti za CAG hutoka kila mwaka, nanyi mnaweza kuangalia humo.

Pamoja na yote haya, nadhani mmetazama sana Dodoma na kusahau karibu. Mipango ya barabara za mitaa huanzia chini: kwenye mkutano wa wakazi wa mtaa, kupitia utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ikapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ikafika kwenye baraza la madiwani. Kazi hiyo hufanyika miezi kadhaa kabla ya Bunge la bajeti. Mtaa ambao barabara yake haikuandikwa kwenye muhtasari wa mkutano wake wenyewe unakuwa na hoja dhaifu popote pengine. Nendeni mkaangalie muhtasari huo. Kisha nendeni kwa Meneja wa TARURA wa wilaya yenu, watu watatu au wanne tu, mkiwa na Hansard mkononi. Msiende kulalamika. Mwombeni awaonyeshe barabara yenu iko hatua gani. Mara nyingi mhandisi hufurahi kukutana na wananchi wanaojua tofauti ya usanifu na zabuni, naye atawaambia mambo ambayo jibu la mistari sita halikuweza kuyabeba. Huenda akawaambia, kwa mfano, kwamba daraja kubwa halitapata fedha karibuni lakini boksi kalavati na kifusi vinawezekana kwenye matengenezo ya mwaka huu. Litakuwa suluhisho la nusu, na ninyi ndio wa kuamua kama nusu hiyo inatosha kumvusha mama mjamzito masika yajayo. Mimi ningeikubali, na kuendelea kudai daraja.

Akikataa kuwapa taarifa, ombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Sheria hiyo inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa mamlaka ya umma, na inampa mwombwaji siku 30 za kujibu. Andikeni barua, taarifa mnayoitaka itajwe kwa usahihi uleule wa swali la bungeni, na mtunze nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kama zabuni inasemekana imetangazwa, inaweza pia kuangaliwa kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma. Mtaa haukosi kijana wa kuwasaidia kuupekua.

Sasa mzee wenu. Msimpuuze, hofu yake imetokana na aliyoyaona katika umri wake, na anawatakia amani. Mwambieni kwa heshima kwamba Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye na maisha yake. Kuuliza kiasi cha fedha kilichotolewa kwa ajili ya kivuko hakuna chama. Ili hofu yake ipungue, fanyeni jambo hili kwa sura ya mtaa: barua ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa, iungwe mkono kwenye mkutano na kuandikwa kwenye muhtasari, isainiwe na watu wa vyama tofauti na wasio na chama, viongozi wa dini wakiwemo wakiridhia. Mwombeni yeye mwenyewe awe wa kwanza kusaini. Na msiichapishe mitandaoni kwa maneno ya kumkejeli mtu kabla hamjajibiwa. Jibu mnalolitaka ni la tarakimu, na kejeli itawapa la kujitetea.

Kuna hali ambazo hazisubiri mkutano wa Bunge wala barua ya mtandaoni kama hii. Kama nyumba zenu zimewekewa alama ya X kwa ajili ya hifadhi ya barabara au mto, kama mmefanyiwa tathmini ya fidia msiyoielewa, au mmepewa notisi ya kubomolewa, nendeni mkaonane na mwanasheria ana kwa ana wiki hiyohiyo, mkiwa na hati au karatasi za mauziano, picha na notisi yenyewe. Hapo kuna muda wa kisheria unaohesabiwa, na swali la bungeni haliusimamishi. Msio na uwezo wa kumlipa wakili mnaweza kufika kwa watoa msaada wa kisheria waliosajiliwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kipo hapahapa Dar es Salaam. Na kama kivuko kimeshaanza kumeguka na watoto wanapita hapo kwenda shule, mwoneni mtendaji wa kata leo, kizuiwe hata kwa kamba na magogo, kabla ya kushika kalamu kuandika swali la mbunge.